Gramu Tatu za Maji

1

Kisomaji kilihitaji sekunde nne kutaja jina. Bwana Luhwago alikishika kwa mikono miwili, akakigusisha mdomo wake kwenye ukingo wa mlango uliopasuka, na cheche moja ya leza ikaruka kwa sauti ndogo kama ya ukucha unaodonoa meza. Mwanga wa cheche ukachambuliwa. Kwenye kioo zikatokea tarakimu tatu, kisha, kutoka kwenye rejista, tarehe na jina: Tumpale Mwaisumo.

"Ndiye huyo," Luhwago akasema. Alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Saini, amepanda kutoka Iringa alfajiri ile, na koti lake lilikuwa bado na unyevu mabegani. "Unamfahamu, Injinia?"

"Ni mchanganyaji wangu. Ana miaka kumi na tisa kazini."

"Na marehemu?"

"Ambokile Kasyupa. Miaka minane."

Siku sita kabla, saa tatu asubuhi, Ambokile alikuwa amesimama mbele ya tangi la tisa akisoma kipimo cha mgandamizo. Tangi hilo hutenganisha mvuke na maji ya chumvi yanayopanda pamoja nao kutoka chini ya mlima. Mlango wake ulipasuka. Mvuke ulikuwa na nyuzi mia moja na sabini. Ripoti ya daktari ina kurasa mbili na inatosha.

Mlango wenyewe ulitengenezwa ng'ambo kabla sijazaliwa. Chuma kipya hakiji tena. Tunachofanya ni kuvivika upya vyuma vilivyopo. Leza huyeyusha unga wa chuma kisichoshika kutu juu ya chuma kikuukuu, likatokea gamba la milimita moja na robo, na mlango ukapata miaka mitano mingine. Huu wa tangi la tisa ulikuwa katika gamba lake la sita. Ulikuwa umelivaa miezi kumi na minne tu.

"Lanthanamu imeshuka," nikasema, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu yeye pia alikuwa anaiona.

Luhwago akakisogeza kioo karibu na macho. Katika kila kilo tano za unga huingia gramu hamsini za madini adimu, yaani oksidi za lanthanamu, seriamu na itriamu. Hicho kidogo ndicho hufanya chembe za chuma ziwe ndogo na zishikamane. Bila hicho maji ya chumvi hulimaliza gamba ndani ya miezi michache. Jumla lazima iwe gramu hamsini. Mgawanyo kati ya hayo matatu unaweza kubadilika kidogo bila kuliathiri gamba, na sheria ilijenga nyumba yake katika nafasi hiyo ndogo. Kila mchanganyaji ana mgawanyo wake, ndiyo saini yake, umesajiliwa kwa jina lake, na hakuna mwingine nchini anayeruhusiwa kuutumia. Wa Tumpale ni arobaini na nne kwa arobaini na mbili kwa kumi na nne katika mia. Kioo kilisema arobaini kwa arobaini na tano kwa kumi na tano.

"Imeshuka kwa tatu na nukta saba," Luhwago akasema. "Nne zinavumiliwa. Nadhani ni wewe uliyependekeza nne, wakati ule sheria inaandikwa."

"Ni mimi."

"Basi imo ndani. Saini ni yake, na kazi ni mbovu." Akafunga kisomaji katika mkoba wake. "Huu ndio uzuri wa chuma. Zamani tungekaa hapa mwezi mzima, huyu anasema hivi, yule anasema vile. Kikao kitakuwa Alhamisi. Mjane ameomba kuhudhuria, nimemkubalia."

Nilikuwa nimeshaisoma tarehe kwenye kioo. Tarehe kumi na tisa Machi, mwaka jana. Siku hiyo Tumpale Mwaisumo hakuwapo karakana. Alikuwa anamzika binti yake. Unga wa mlango ule niliuchanganya mimi.

2

Nilikata kipande cha gamba, nikakisugua mpaka kikang'aa kama kioo, nikakiweka chini ya darubini. Nilitumia saa mbili ingawa dakika kumi zingetosha.

Chini ya uso wa gamba kulikuwa na vitundu, vya mviringo kamili, vidogo kuliko vile ambavyo kipimo chetu cha sauti kinaweza kuvisikia. Kitundu cha mviringo ni alama ya gesi. Gesi hiyo ni haidrojeni, na haidrojeni katika chuma kilichoyeyuka hutoka kwenye maji. Kutoka kwenye vitundu hivyo nyufa nyembamba zilikuwa zimetambaa kuelekea ndani, zikifuata mipaka ya chembe, kila moja ikiwa na chumvi ya mlima ndani yake. Ufa uliomuua Ambokile ulianza siku ya kwanza.

Nikafanya hesabu. Gramu ishirini na mbili za lanthanamu zilizokaa kwenye hewa yenye unyevu mpaka zikashiba, ukizipima, gramu tatu kati yake ni maji. Toa tatu. Gawanya upya. Arobaini, arobaini na tano, kumi na tano. Kioo cha Luhwago na karatasi yangu vilikubaliana mpaka tarakimu ya mwisho.

Nilimwita Atuganile. Ndiye mkubwa wa wachanganyaji, wanawake kumi na wanne wote, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya mashine. Aliingia akijifuta mikono kwenye aproni, akautazama mlango juu ya meza, akaugeuzia mgongo.

"Lanthanamu," nikamwambia. "Wakati wa mvua mnaifanya nini kabla ya kuipima?"

"Tunaipika."

"Mnaipika?"

"Ee. Ikilewa unyevu tunaipika. Kwenye tanuri la sampuli, nyuzi mia tisa, saa mbili. Ikishapoa unapima hapo hapo, huendi hata chooni." Akanitazama. "Injinia, kwani hujui?"

"Haimo kwenye karatasi ya kazi."

"Karatasi umeandika wewe."

Nilikuwa nimeiandika Dodoma, mwezi wa Agosti, katika maabara ambayo midomo ilinikauka hata nikinywa maji. Huko kopo la lanthanamu linaweza kukaa wazi wiki nzima. Hapa, chini ya Rungwe, mvua hunyesha kiasi kwamba shuka haikauki Februari mpaka Mei. Wanawake hawa waligundua msimu wa kwanza tu kwamba unga unalewa, wakaupika, na hawakuona sababu ya kumweleza aliyesoma kuliko wao.

"Nilikuwa naliona tanuri linawaka asubuhi," nikasema.

"Uliliona, ndiyo. Ukatuandikia barua ya onyo." Atuganile hakucheka. "Kwamba tanuri la sampuli si la kuchomea ndizi. Tuliibandika ukutani mwaka mzima. Tulidhani ni utani wa wasomi."

Yeye akaendelea, taratibu, na nikamwona anaanza kuelewa.

"Siku ile ya Lugano," akasema, akimtaja binti wa Tumpale. "Sisi wote tulikwenda kuzika. Mimi ndiye niliyekupa kopo. Nikakwambia fuata karatasi yako tu, huwezi kupotea." Akavuta kiti akakaa. "Mungu wangu. Uliifuata."

"Niliifuata yote."

3

Sheria inasema saini isiyotumika siku tatu mfululizo inafungwa. Kuifungua ni mtihani mpya na miezi sita ya kungoja. Shabaha ilikuwa kuzuia saini zisizagae mikononi mwa watu wasio kazini, na kama shabaha ni nzuri. Lakini haina kifungu cha msiba, na huku kwetu mtu aliyefiwa hakai matanga siku mbili akarudi kuvaa aproni. Kwa hiyo wanawake walikuwa na desturi. Mwenzao akifiwa walimshikia kopo. Mmoja wao alichanganya sehemu moja kwa siku kwa mgawanyo wa aliyefiwa, na saini yake ikabaki hai hadi atakaporudi. Kisheria huko ni kughushi. Adhabu ni kifungo cha miaka sita na kutokanyaga karakana yoyote maisha yako yote.

Nililijua hilo kwa namna ambayo mtu anajua jambo ambalo amechagua kutolitazama. Tarehe kumi na tisa Machi lilikuja mlangoni mwangu. Kopo lilikuwa mkononi mwa Atuganile, amejifunga kanga ya msiba, gari la kwenda makaburini linangoja. Sikupenda, na nilikubali. Mtoto alikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nimemfundisha kusoma mizani. Sina rekodi ya uamuzi mwingine wowote kazini niliowahi kuufanya kwa sababu ya aina hiyo.

Jumanne mchana nilikwenda nyumbani kwa Tumpale pamoja na Atuganile. Tumpale alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo barazani. Saini yake ilikuwa imefungwa tangu Jumatatu, na hakuwa na kazi nyingine ya kufanya mchana wa siku ya kazi.

"Karibuni," akasema. "Mmekuja kunipa pole au kunihoji?"

"Mama Lugano," Atuganile akaanza. Bado tunamwita hivyo. Hajapata mtoto mwingine, na hakuna aliyekuwa na jina lingine la kumpa.

"Kaeni kwanza."

Tukakaa. Nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: vitundu, maji, tarakimu, tarehe. Alisikiliza huku akipukuchua. Nilipomaliza akauweka ungo chini.

"Nilipotoka matangani nilikuja ofisini kwako," akasema. "Unakumbuka? Nikakushika mikono yote miwili nikakwambia ndaga fijo, asante sana. Kwa sababu waliniambia umeshika wewe. Injinia mzima, ameshika kopo langu."

"Nakumbuka."

"Ambokile alikuwa anapita hapa kila Jumapili. Alichimba kaburi la mwanangu, yule. Na mguu wake mbovu." Akajikung'uta makapi mikononi. "Na wewe ulimchanganyia maji."

"Ndiyo."

"Haya. Alhamisi utasema?"

"Ngoja, mdogo wangu," Atuganile akaingilia. "Akisema, watamuuliza kopo alipewa na nani. Atanitaja. Nikitajwa mimi wataniuliza nimeanza lini. Mimi nimemshikia Bupe, nimemshikia Twiti, nimekushikia wewe baba yako alipofariki. Na wao wamenishikia. Hakuna kati yetu kumi na wanne ambaye mkono wake ni safi. Watatusomba kama takataka, na vipande vyote vilivyo na saini zetu watavivua magamba."

"Kwa hiyo niende mimi peke yangu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini, basi, dada? Maana mimi nimesikia hivyo." Tumpale alikuwa hajapandisha sauti. "Nimezika mtoto, mkanisaidia, nashukuru. Sasa msaada wenyewe ndio unanipeleka jela, na mnakuja kwangu na nyuso ndefu mnataka nishukuru tena. Kazi mbovu iliyoua ni miaka minne, Atuganile. Jina langu litasomwa redioni kwamba nimemuua Ambokile. Huyu mkewe Ikupa tunachota maji bomba moja."

Atuganile akaanza kulia. Tumpale hakumbembeleza.

Nilikuwa nimeleta karatasi. Usiniulize kwa nini. Naongea vizuri zaidi nikiwa na karatasi. Nilikuwa nimepitia rejista yote ya karakana, vipande elfu mbili mia tisa na kumi na vinne, kila kimoja kikiwa na tarakimu zake za siku kilipotoka. Nilitaka kujua kama kuna gamba lingine lenye maji. Hakuna. Mbali na mlango wa tangi la tisa, hakuna kipande kilichopotoka hata kwa nusu katika mia. Ni vingapi kati ya hivyo vilichanganywa na mkono wa kuazima, sikuweza kujua. Walikuwa wanapima vizuri kiasi kwamba chuma hakikuweza kuwatofautisha.

"Hakuna mtu mwingine aliye hatarini," nikasema. "Nimehakikisha. Kwa hiyo swali lililobaki ni moja tu, nani atatajwa. Nikikaa kimya ni wewe. Nikisema ukweli wote ni sisi kumi na watano. Kuna njia ya tatu."

"Ipi?"

"Niseme niliiba saini yako. Sikupewa kopo na mtu. Mlikuwa msibani, nilitaka mlango wa tangi la tisa urudi kazini kabla ya Ijumaa, saini iliyokuwa wazi kwenye rejista ilikuwa yako, nikaitumia. Hukujua. Hakuna aliyejua. Hapo desturi haimo."

Atuganile akaacha kulia. Tumpale akanigeukia.

"Utasema uliniibia," akasema. "Siku ile."

"Ni siku hiyo tu inayoweza kutumika. Tarehe imo kwenye rejista."

"Wewe ambaye ulimrudisha nyumbani Bupe kwa kuandika gramu tano badala ya nne na nukta tisa."

"Huo ulikuwa uongo kwenye mizani," nikasema, na papo hapo nikaona kwamba sikuwa na namna ya kuimalizia sentensi hiyo.

Tumpale akauchukua ungo wake. "Ikupa atakuwepo, unajua."

"Najua."

"Mimi sitakutetea. Nikifungua mdomo kukutetea, yote yatatoka. Nitasema sijui, nitakaa."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Sikukuuliza inavyotakiwa," akasema. "Nakwambia tu nitakachofanya."

4

Kikao kilifanyika katika bwalo la chakula la kituo, meza zimesogezwa ukutani, harufu ya maharage bado hewani. Baraza lilikuwa watu watatu na karani. Wachanganyaji walikaa benchi za nyuma, Tumpale peke yake benchi ya mbele. Ikupa Kasyupa, mjane wa Ambokile, alikaa upande wa pili karibu na dirisha. Ni mwanamke mrefu mwenye miaka thelathini na kitu. Alikuwa na leso mkononi, hakuitumia.

Luhwago alisoma tarakimu za mlango, akasoma jina, akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya Baraza kutoa uamuzi. Nikasimama.

Nilisema niliyopanga kuyasema. Nilianza na maji, kwa sababu maji ni kweli na nilitaka yaandikwe: kwamba lanthanamu hunywa unyevu, kwamba huku lazima ipikwe kabla ya kupimwa, kwamba karatasi yangu ya kazi haikuwa na hatua hiyo, kwamba wachanganyaji wote huifanya na mimi sikuifanya. Nikaonyesha vipande vya Tumpale vya miaka kumi na tisa, kimoja baada ya kingine, na jinsi hakuna hata kimoja kilicholewa. Mkono uliochanganya unga wa mlango ule, nikasema, haukuwa wake.

"Ulikuwa wa nani?" Luhwago akauliza.

"Wangu."

Nyuma yangu benchi moja ililia. Luhwago akavua miwani.

"Injinia Sekela, unafahamu unachokisema."

"Nafahamu. Kifungu cha kumi na moja. Nilishiriki kukiandika."

"Ulipewa ruhusa na mwenye saini?"

"Hapana."

"Alijua?"

"Hakujua. Alikuwa msibani."

"Kuna mwingine yeyote aliyejua au aliyekusaidia?"

Nilikuwa nimelitegemea swali hilo tangu Jumanne, na nilikuwa nimejiambia kwamba litakuwa fupi. Lilikuwa fupi. Katika maisha yangu ya kazi nimetia sahihi nyaraka zaidi ya elfu kumi, na sikuwa nimewahi kuandika jambo nililojua si kweli. Sisemi hivyo kujisifu. Ni rahisi kusema kweli pale ambapo kweli haimgharimu mwingine.

"Hakuna," nikasema.

"Hili ni jambo la kawaida hapa karakana? Watu kutumia saini za wenzao?"

"Si la kawaida. Halipo."

Karani akaandika. Mjumbe wa kulia, mwanamke wa makamo ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akainama mbele. "Kwa nini ulifanya hivyo?"

Hapo nikapata shida ambayo sikuitarajia. Sababu niliyokuwa nayo kwenye karatasi ilikuwa fupi na kavu, na niliogopa kwamba watu watatu wazima wasingeiamini. "Mlango ulitakiwa Ijumaa," nikasema. "Wote walikuwa wamekwenda kuzika. Sikuona kwa nini mvuke usubiri."

Waliiamini mara moja. Niliona ikiingia nyusoni mwao bila kukwama mahali popote. Hata wale wa benchi za nyuma waliojua ukweli, baadhi yao walinitazama kama watu wanaoanza kujiuliza. Ilikuwa ndiyo sababu ambayo mtu kama mimi angekuwa nayo.

Luhwago akamwita Tumpale. Akasimama, mikono imeshika ncha za kanga.

"Mama, ulimpa Injinia ruhusa ya kutumia saini yako?"

"Sikumpa."

"Ulijua kwamba ameitumia?"

"Nilikuwa kaburini," akasema. Halikuwa jibu la swali, lakini Luhwago akaona haya kuuliza tena.

"Pole sana, mama. Baraza linakufungulia saini yako kuanzia leo. Una lolote la kumwambia Injinia?"

"Sina."

"Hata moja?"

"Nimesema sina, mheshimiwa."

Akakaa. Baraza lilinong'onezana kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha Luhwago akasoma. Jina langu lingefutwa kwenye orodha ya wahandisi wa nchi. Shauri la kughushi lingepelekwa mahakamani Mbeya, na kwa vile nimekiri, hakuona litachukua muda. Kuhusu kupika lanthanamu, Baraza lilipokea maelezo na litaunda kamati ya kuyatazama. Nikaomba hatua hiyo iongezwe kwenye karatasi leo hii, mvua zingalipo. Akasema kamati itakaa.

"Nina neno," Ikupa akasema.

Utaratibu haukumruhusu, na hakuna aliyemkumbusha. Alivuka nafasi iliyokuwa katikati ya meza, akaja akasimama mbele yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

"Mimi nilikuja hapa nimeshasamehe," akasema. "Mchungaji atakwambia. Nilisema, mwenye kosa ni Mama Lugano, na Mama Lugano ni mtu, kipimo kimemponyoka. Mume wangu mwenyewe alikuwa anasahau mpaka viatu. Nilitaka nimwambie mbele ya watu, usiogope, dada, nimekuachia." Leso ilikuwa imekuwa kamba mkononi mwake. "Sasa naambiwa si yeye. Naambiwa ni wewe, na si kwamba kipimo kilikuponyoka. Nataka niisikie kwa mdomo wako, si kwa hawa. Mwenzako yuko makaburini, mume wangu anachimba, mtoto hajateremshwa. Na wewe huku umekaa na kopo lake, unamwibia jina, ili mvuke usichelewe?"

Sikumtazama Tumpale, kwa sababu kama ningemtazama, Luhwago angenifuata kwa macho.

Kulikuwa na sentensi moja ambayo ingemrudishia Ikupa msamaha wake. Ilikuwa na maneno machache na yote yalikuwa ya kweli.

"Ndiyo," nikasema.

Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea majibu ya hospitali. Hakunitukana wala hakunipiga. Alipita pembeni yangu, akaenda benchi ya mbele, akaketi pembeni ya Tumpale, akauchukua mkono wake akauweka mapajani mwake kati ya mikono yake miwili.

"Pole, dada," nikamsikia anamwambia. "Pole sana. Tumefanyiwa wote."

Tumpale alitazama sakafu. Hakuutoa mkono.